Banio letu limewafungia ningu njia: tufungueje bila kukausha mfereji?

Swali: Sisi ni skimu ndogo ya umwagiliaji mkoani Mara, kwenye mto unaoingia Ziwa Victoria. Banio letu, yaani ukuta unaoinua maji ya mto yaingie mferejini, ni la zege, kimo chake mita 1.2 kutoka maji ya chini hadi ukingo wa juu, na mto hapo una upana wa mita 9. Tangu lijengwe, samaki aina ya ningu hujazana chini yake kila mvua zinapoanza, wala hawapandi. Kiangazi mto hubaki na lita kama 150 kwa sekunde, na mashamba yote yanategemea maji hayo. Tumeona kwenye intaneti ngazi za zege za samaki zilizojengwa Marekani. Tuige hizo? Juu zaidi kuna kalavati ya barabara ambayo nayo tunaishuku.

Jibu: Ndugu Katibu, ngazi hizo msiziige. Zimepimwa kwa samoni, samaki mkubwa anayeruka, na kila daraja huwa na tofauti ya maji ya sentimita 30 hivi. Kasi ya maji yanayopita kwenye pengo la daraja hukadiriwa hivi: zidisha tofauti ya kimo kwa mita mara 19.6, kisha tafuta kipeuo cha pili. Sentimita 30 hutoa mita 2.4 kwa sekunde, sentimita 10 hutoa mita 1.4, sentimita 5 hutoa mita 1 tu. Samaki anayekurupuka huweza kwenda takriban mara kumi ya urefu wake kwa sekunde, tena kwa sekunde chache. Ningu wa sentimita 25 anaweza kuvuka pengo moja la kasi ya 2.4, lakini jike aliyejaa mayai hatavuka manne mfululizo. Samaki wa sentimita 8, nao mtoni kwenu ni wengi, hatavuka hata la kwanza.

Mnachohitaji ni mchepuko wa mawe unaozunguka banio kupitia ukingoni, wenye vizingiti vya chini na vidimbwi vya kupumzikia katikati. Unajengeka kwa mawe, udongo wa mfinyanzi na zege kidogo, na banio lenu linabaki lilipo. Mahali pa kuupitisha, ndipo miradi mingi ya namna hii ilipoharibikia, kwa hiyo naanza na hilo.

Ningu hupanda mto kwa kufuata maji yanayokuja dhidi yake, na huendelea mpaka azuiwe. Kwa hiyo atafika kwenye kitako cha banio na atatafuta upenyo hapo hapo. Mkijenga njia inayoanzia kwenye banio na kuteremka mita 30 kuelekea ziwani, mlango wake utakuwa mita 30 nyuma ya samaki. Ataupita bila kuuona, atagonga zege, na atabaki hapo akichoka na kuvuliwa. Njia lazima igeuzwe: ichukue maji mita 28 hivi juu ya banio, ipite ndani ya ukingo, na imwage maji yake mtoni palepale kwenye kitako, ndani ya mita 1 au 2 kutoka ukuta wa banio. Maji yake yatoke yakielekea chini ya mto kwa pembe ndogo, mkondo wake uonekane ukikata maji tulivu ya pembeni. Faida ya pili ni kwamba samaki anayemaliza kupanda hutokea mbali na ukingo wa banio, harudishwi na maji yanayofurika juu yake. Upande wa kuchimba uwe ule usio na mfereji wenu, la sivyo anayetoka kwenye njia ataingia moja kwa moja kwenye mashamba ya mpunga.

Kabla ya kuchimba, simikeni miti miwili yenye alama za sentimita, mmoja juu ya banio na mmoja chini, msome kila asubuhi kwa msimu mzima wa masika, na mara mbili kwa siku mto ukijaa. Andikeni pia siku mnazowaona ningu wakijazana. Mnatafuta kimo cha maji siku zile samaki wanapotaka kupita, maana njia iliyopimwa kwa maji ya Agosti huwa haina kazi mwezi Aprili. Kasi ya mto mnaweza kuipima kwa chungwa: pimeni mita 10 zilizonyooka, hesabuni sekunde, rudieni mara tano, kisha zidisheni wastani kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

Sasa vipimo. Tofauti ya mita 1.2 igawanyeni katika maporomoko 12 ya sentimita 10. Umbali kutoka kizingiti hadi kizingiti uwe mita 2.5, jumla mita 30, yaani mteremko wa 1 kwa 25. Sakafu ya mchepuko iwe na upana wa mita 1.5, na kuta zake zilale, mita 1.5 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kimo. Ukuta uliosimama wima unaleta hasara mbili: hubomoka, na humnyima samaki mdogo maji ya pembeni yaliyo mapole.

Kizingiti cha kwanza, kule juu, kijengeni kwa zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lenye nondo. Katikati muache pengo la upana wa sentimita 30, sakafu yake ikiwa sentimita 30 chini ya ukingo wa banio. Maji yakiwa sawa na ukingo, pengo hilo litapitisha lita kama 80 kwa sekunde, ndoo nne za lita 20. Kuta zake zipandishwe sentimita 80 juu ya ukingo wa banio ili mafuriko yasivamie mchepuko na kuusomba. Pande zote mbili za pengo wekeni mifereji midogo ya kuchomekea mbao. Mbao hizo nitazirudia, kwa kuwa ndizo zitakazowapatanisha samaki na wakulima.

Vizingiti 11 vinavyofuata ni vya mawe ya kipenyo cha sentimita 50 hadi 70. Kila kimoja kitakula mawe sita hivi, kwa hiyo tafuteni 70. Jiwe la sentimita 60 lina uzito wa kilo 300 hivi, halibebwi kwa mikono. Kodini ekskaveta kwa siku chache au tumieni miguu mitatu ya magogo na winchi ya mnyororo. Kila jiwe lizikwe theluthi moja hadi nusu ya kimo chake na likalishwe kwenye zege. Zege limwagiliwe siku saba kabla ya kuruhusu maji. Kila kizingiti kiwe na pengo la sentimita 30, sakafu yake ikiwa chini kwa sentimita 10 kuliko la juu yake, na mapengo yapishane: moja kulia, linalofuata kushoto. Yakiwa kwenye mstari mmoja, maji hupata barabara iliyonyooka, hayapumziki kidimbwini, na kasi huongezeka kutoka juu hadi chini. Sakafu ya kila kidimbwi iwe sentimita 20 hadi 25 chini ya pengo lake la kutokea, ili kina cha maji kisipungue nusu mita.

Kuna hesabu ya fujo ya maji ambayo mafundi wengi huiruka, nayo ndiyo humchosha samaki kuliko kasi ya pengoni. Zidisha lita kwa sekunde mara 9.81 mara tofauti ya kimo kwa mita, kisha gawanya kwa ujazo wa kidimbwi kwa mita za ujazo. Lita 80, poromoko la mita 0.1, kidimbwi cha mita 2 kwa 1.5 kwa 0.5: jibu ni wati 52 kwa kila mita ya ujazo. Kwa samaki wadogo na wa wastani, lengeni kutozidi 100. Siku maji yakipanda sentimita 20 juu ya banio, pengo litapitisha lita kama 180 na hesabu itafika 84, bado salama. Siku hiyo juu ya banio kutakuwa kunapita lita kama 1,370, kwa hiyo mchepuko unabeba takriban sehemu moja kati ya nane au tisa ya maji yote. Kiasi hicho kinatosha kumvuta samaki, mradi mlango uko kwenye kitako. Ukiwa mbali, hata robo ya mto haitasaidia. Mafuriko makubwa zaidi yakija, maji ya chini hupanda haraka kuliko ya juu na banio lenyewe huzama, nanyi hamna haja ya kuipimia njia siku hizo.

Kosa linaloharibu njia za mawe kuliko yote ni maji kupotelea chini ya mawe. Mnajenga vizuri, mnafungua, na baada ya wiki mbili maji yanapita chinichini huku vidimbwi vimekauka. Kinga yake iko kwenye msingi. Chimbeni sentimita 50 zaidi ya sakafu mnayoitaka. Tandazeni udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka mbili za sentimita 10 na mshindilie kila moja, sakafuni na kwenye kuta. Juu yake wekeni sentimita 30 za mchanganyiko wa mawe ya ngumi, changarawe, kokoto na mchanga, mkimwagia maji kila tabaka ili mchanga uzame kwenye mianya. Kwa mchepuko huu mtahitaji mita za ujazo 27 hivi za mfinyanzi na 40 za mchanganyiko. Msipange mawe ya ukubwa mmoja, maana hayazibani. Sakafu pia msiisakafie kwa saruji laini. Samaki wa sentimita 8 hupanda kwa kujibanza nyuma ya jiwe hili kisha lile, na kandokando ya mawe kasi ni ndogo sana kuliko katikati ya pengo. Kambare na gogogo nao hupita wakigusa chini.

Kizingiti cha mwisho, cha mlangoni, kizamisheni sentimita 20 hadi 30 chini ya maji ya kiangazi, na mbele yake mfukie mawe makubwa hadi mita 1 chini ya sakafu ya mto. Sababu ni kwamba sakafu ya mto chini ya banio huendelea kushuka. Mchanga umezuiwa juu, na pengine watu wanachimba mchanga wa kujengea huko chini. Mlango uliokuwa sawa mwaka wa kwanza huja kuning'inia sentimita 40 hewani mwaka wa nne, na kazi yote inapotea. Kama kuna uchimbaji wa mchanga ndani ya nusu kilomita chini ya banio, serikali ya kijiji iusimamishe kwanza.

Narudi kwenye maji ya kiangazi. Kwenye lita 150, mchepuko ukiachwa wazi kabisa utachukua 80 na mfereji utabaki na 70, jambo ambalo wanachama wenu hawatalikubali, nao wana haki. Hapo ndipo mbao zinapofanya kazi. Ningu na kuyu hupanda mvua zinapoanza, masika na vuli, na kinachoamsha safari yao ni kupanda kwa maji. Mwezi Julai hawapo mlangoni. Chomekeni mbao mpaka mchepuko ubaki na lita 20, mfereji upate 130. Lakini msizibe kabisa. Vidimbwi vikikauka, mfinyanzi hupasuka na samaki wadogo waliomo hufa, na mto chini ya banio unahitaji maji hata pasipo na samaki anayesafiri. Mbao ziondolewe zote mara mto unapoanza kuchafuka na kupanda, bila kusubiri kikao. Kamati imteue mtu mmoja mwenye ufunguo, na jina lake liandikwe kwenye muhtasari.

Samaki akipanda, lazima pia ashuke. Ningu wazima hurudi ziwani baada ya kutaga, na vifaranga hufuata maji. Kwenye mlango wa mfereji wekeni chujio la vyuma vilivyosimama, mwanya wa milimita 20, lilazwe kwa pembe kando ya mto ili takataka zisukumwe na mkondo. Chujio hilo litawazuia wazima, vifaranga watapita. Kwa vifaranga dawa iliyo rahisi ni ratiba: fungeni mfereji siku mto unapojaa na siku mbili tatu zinazofuata. Mvua inanyesha, mashamba hayana shida ya maji, na mnaepuka tope linalowajazia mfereji kila mwaka. Mwisho wa mfereji nao urudi mtoni kwa mkondo ulio wazi, usiishie kwenye shamba kavu. Na pale maji yanapoanguka kutoka banioni, angalieni kama yanaangukia sakafu ya zege yenye maji kiganjani tu. Kama ndivyo, jengeni kizingiti cha mawe mbele yake kipate kina cha sentimita 60, samaki anayeteremka asipigike.

Lango la kusukumia mchanga kwenye banio, kama lipo, lifunguliwe wakati wa mafuriko pekee. Kulifungua kiangazi kunamwaga tope la miezi sita juu ya changarawe ya chini kwa maji machache yasiyoweza kulisafisha, na mlango wa mchepuko utajaa.

Kuhusu uvuvi niseme bila kuzunguka. Ningu aliwahi kuwa samaki mkuu wa mito ya Ziwa Victoria, Kagera, Nzoia na mingineyo, na alianguka katikati ya karne iliyopita kwa nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati anapanda kutaga, kabla sangara hajatawala ziwa. Mchepuko unawakusanya samaki wote wa mto kwenye pengo la sentimita 30. Mtu mmoja mwenye mgono (mtego wa samaki) usiku mmoja anaweza kubeba kizazi cha mwaka. Pitisheni sheria ndogo ya kijiji kabla ya kufungua maji: hakuna uvuvi wa aina yoyote mita 200 juu na chini ya banio, wala ndani ya mchepuko, na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi) ya mdomoni mwa mto ishirikishwe tangu kikao cha kwanza. Kama hamuwezi kulisimamia hili, afadhali msijenge, kwa sababu mtakuwa mmejenga mtego. Wakati huo huo acheni wazo la kununua vifaranga vya sato au kambare na kuvimwaga juu ya banio. Ningu wa mto huu bado wapo, mmewaona wenyewe.

Vibali: kugusa ukingo na kuchepusha maji kunahitaji ruhusa ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako Mwanza, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Wapelekeeni mchoro wenye vipimo nilivyotaja pamoja na daftari la miti ya vipimo. Wasilianeni na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, pia, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, waulizeni jambo moja muhimu: juu ya banio kuna samaki gani? Mara chache kizuizi huwa ngao ya samaki wa asili dhidi ya wageni wa ziwani. Kwa banio la mita 1.2 linalozama kwenye mafuriko sitarajii hivyo, lakini jibu lipatikane kabla ya kuchimba. Ardhi ya mchepuko, ukanda wa mita 30 kwa 8 hivi, ikiwa ni ya mtu, makubaliano yaandikwe.

Kama kuna banio jingine la zamani lisilotumika, hilo livunjwe, lisijengewe njia. Kuondoa kizuizi hushinda kila ngazi. Kwenye mto Klamath, Marekani, mabwawa manne yaliondolewa mpaka 2024, na mwezi Oktoba mwaka huo huo samoni walionekana juu ya yalipokuwa. Vunjeni kiangazi, sentimita 30 kwa awamu, mkianzia katikati, ili mchanga uliojazana nyuma utoke kidogo kidogo. Lakini mkoani Mara, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, tope hilo lipimwe kwanza na Mkemia Mkuu wa Serikali. Likiwa na zebaki, lichotwe na kuhifadhiwa mbali na maji.

Kalavati mliyoishuku, ipimeni kwa mambo matatu: je, mdomo wake wa chini unaning'inia juu ya maji? Je, ndani maji yana kina cha angalau sentimita 20 samaki wanapopanda? Je, chungwa linapita kwa kasi inayozidi mita 1 kwa sekunde? Mdomo unaoning'inia hutibiwa kwa kujenga vizingiti viwili au vitatu vya mawe chini yake, kila kimoja kikipandisha maji sentimita 10, mpaka maji yaingie ndani ya bomba. Kasi ikizidi, fungeni ndani matuta ya zege ya sentimita 15, yakipishana kushoto na kulia, kila baada ya mita 1.5, ila mkiwauliza TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kwanza kwa sababu matuta hupunguza nafasi ya maji ya mafuriko. Siku kalavati hiyo itakapojengwa upya, ombeni moja pana kama mto wenyewe badala ya mabomba mawili membamba, na sakafu yake izikwe sentimita 30 chini ya sakafu ya mto ili changarawe ijae ndani.

Kupima kama mmefaulu, wekeni mgono mkubwa kwenye mdomo wa juu wa mchepuko kwa saa 24, mara moja kwa wiki msimu wa mvua, mkiutazama kila saa tatu usiku na mchana, mkipima urefu wa kila samaki na kumwachia juu. Wakitokea ningu wakubwa tu bila wadogo, maporomoko ni makali: ongezeni mawe pembeni mwa mapengo. Wasipotokea kabisa ilhali wamejaa kwenye kitako, kagueni mlango. Mara nyingi gogo limelala mbele yake, au maji ya banio upande huo yanapiga kelele kuliko ya mchepuko. La pili linatibiwa kwa kuinua ukingo wa banio sentimita 10 kwa upana wa mita 2 jirani na mlango, ili maji yaangukie mbali kidogo.